Ruti imegoma: soma dalili kabla hujaflashi tena

"Fundi, nimejaribu kila kitu." Hivyo ndivyo wanavyoanza karibu wote wanaoniletea simu iliyokwama katikati ya kuwekewa ruti, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu, na nikisikia hivyo moyo hunishuka, kwa sababu najua kosa la kwanza lilikuwa dogo. Mara nyingi lingetengenezeka kwa dakika kumi. Kilichoiumiza simu ni majaribio matano yaliyofuata ya kuflashi, yaani kuandika faili la mfumo simuni, kila moja na faili lililookotwa mahali pengine. Simu ya Android haigomi kimya. Kila hatua ina namna yake ya kukataa, na maneno inayoyaandika kwenye skrini hueleza umekwamia wapi. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tafuta unachokiona kwako uanze kusoma hapo, ila sehemu hii inayofuata usiiruke.

## Kabla ya dalili yoyote

Android imejengwa juu ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, na kwenye Linux yupo mtumiaji mmoja asiyezuiwa na mlango wowote: mwenye namba 0, jina lake root. Simu inapotoka kiwandani mtumiaji huyo si wewe. Kila programu imepewa namba yake na chumba chake, na vyumba vya mfumo wenyewe havifunguki hata kwa mwenye simu. Kuweka ruti ni kujipatia funguo hizo.

Njia inayotumika zaidi leo ni Magisk, ambayo John Wu aliianzisha mwaka 2016. Yenyewe haigusi sehemu ya mfumo. Hutia viraka, yaani hubadilisha vipande vya, faili dogo la kuwashia simu, liitwalo boot.img au init_boot.img, kisha wewe unalirudisha simuni kupitia butiloda. Butiloda ni ile programu inayoamka kabla ya Android na kukagua saini za vyote vinavyowaka baada yake, kwa hiyo haitakubali faili lenye viraka mpaka ifunguliwe kwanza. Matatizo karibu yote huzaliwa katika mambo matatu: kompyuta na simu kuonana, butiloda kufunguka, na faili kulingana na simu.

Hilo la tatu ndilo linaloua simu nyingi. Faili la kutia viraka litoke kwenye famwea (mfumo wa kiwandani) ya simu yako, toleo lilelile lililomo sasa hivi. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome Nambari ya muundo mpaka herufi ya mwisho, uiandike kwenye karatasi. Jina la dukani halitoshi. Galaxy S21 yenye namba SM-G991B ina chipu ya Exynos, na ile ya SM-G991U iliyouzwa Marekani ina Snapdragon. Jina ni moja, lakini ndani ni simu mbili tofauti.

Nililijua hili kwa simu yangu mwenyewe. Nilichukua boot.img ya toleo la miezi miwili nyuma kwa kuwa ndilo lililopatikana haraka. Simu iliwaka, ruti ikakubali, ila Wi-Fi haikuwaka tena na spika ikanyamaza. Kerneli niliyoiweka ilikuwa ya zamani, na draiva (programu zinazoendesha vifaa) zilizobaki kwenye sehemu ya vendor, yaani ya mtengenezaji, zilikuwa za toleo jipya, hazikuelewana. Siku mbili nzima nilishuku vifaa, nikafungua hata kifuniko cha nyuma. Niliporudisha boot.img ya toleo sahihi, vyote vikarudi mara moja.

Kwa hiyo, boot.img au init_boot.img ambayo haijaguswa ikae kwenye kompyuta kabla hujaandika amri hata moja. Ndiyo dawa ya nusu ya dalili zilizo huku chini. Fahamu pia kwamba kufungua butiloda hufuta kila kitu simuni. Imewekwa hivyo kwa makusudi, ili mwizi asifungue butiloda akasoma data zako. Hamisha picha, fanya nakala ya WhatsApp, hakikisha unalikumbuka nenosiri la akaunti yako ya Google, na chaji ivuke nusu. Programu ya Magisk yenyewe ichukue kwenye hazina ya GitHub ya topjohnwu, si kwingine. Tovuti zinazojiita "rasmi" za Magisk ni za watu wengine.

## Programu ya kubofya mara moja inaishia njiani

Umepakua KingRoot au mwenzake, mduara unazunguka, kisha inasema imeshindwa. Hakuna cha kurekebisha hapo. Programu za aina hiyo zilitegemea matundu ya usalama kwenye kerneli, kama lile la Dirty COW lililofichuliwa Oktoba 2016, na matundu hayo yamezibwa zamani. Kuna kipindi mambo yalikuwa wazi kupita kiasi: HTC Dream, simu ya kwanza ya Android iliyouzwa pia kwa jina la T-Mobile G1, mwaka 2008 iligundulika kuwa kila ulichoandika kwa kibodi kilitekelezwa pia kwa nguvu za root, hata ukimwandikia mtu neno "reboot" simu ilijizima na kuwaka. Zama hizo zimepita. Iondoe programu hiyo na ufuate njia ya butiloda, kwa sababu kilichobaki cha programu hizo kwenye simu mpya ni matangazo na kuchungulia data zako.

## Kompyuta haiioni simu

Umeandika `adb devices` (adb ni programu ya kompyuta ya kuipa simu amri) na orodha ni tupu. Anza na waya. Waya nyingi zinazouzwa mezani ni za kuchajia tu, ndani hazina nyuzi za data. Simu ikichomekwa isipouliza kama unataka kuhamisha faili, badilisha waya kwanza, mengine baadaye. Kisha hakikisha Utatuzi wa USB umewashwa: bonyeza Nambari ya muundo mara saba, chaguo za wasanidi programu zitatokea, uuwashe humo.

Orodha ikionyesha "unauthorized", simu imekuona ila haijakuruhusu. Washa skrini, kuna kidirisha kinakusubiri ukubali. Kisipotokea, futa ruhusa za utatuzi wa USB kwenye zile chaguo za wasanidi, chomoa waya, chomeka tena.

Kinachowachanganya wengi ni adb kufanya kazi vizuri, halafu simu ikishaingia kwenye hali ya fastboot, ambamo butiloda hupokea amri za kompyuta, kompyuta inaandika `< waiting for any device >` na kubaki hivyo. Simu haijaharibika. Kwa Windows, simu iliyo kwenye fastboot ni kifaa kingine kabisa na huhitaji draiva nyingine. Fungua Device Manager. Ukiona jina "Android" lenye alama ya njano, draiva ndiyo inayokosekana, na mara nyingi Windows Update huwa nayo kwenye masasisho ya hiari. Tatizo likiendelea jaribu tundu la USB 2.0, kwani kompyuta kadhaa hukatisha mawasiliano ya fastboot kwenye matundu ya USB 3. Wanaotumia Linux wakiona "no permissions", ni ruhusa za udev, kanuni za Linux za kufikia vifaa. Kutanguliza `sudo` hutosha kwa kazi ya siku moja.

## Chaguo la kufungua OEM limefifia au halipo

Hili ni lile chaguo, ndani ya chaguo za wasanidi, linaloruhusu butiloda ifunguliwe. Sababu hapa hutofautiana sana kwa kampuni, na nyingine hazina dawa, kwa hiyo tumia muda kuelewa kabla hujapoteza siku.

Simu ya mkopo. Kama bado unailipia kidogo kidogo, muuzaji ameifunga kwa programu ya usimamizi, na chaguo hilo kufifia ni sehemu ya kufuli hiyo. Kwenye Samsung utaona katika Download Mode, hali yake ya kupokea faili, mstari wa kufuli wa KG STATE ukiwa na neno tofauti na la kawaida, kama "Active" au "Locked". Maliza malipo, uombe ifunguliwe na aliyeifunga. Sishiki simu ya namna hiyo, na nakusihi usimlipe anayedai ataiondolea kufuli kwa njia za mkato: mara nyingi unarudishiwa simu yenye kufuli ileile, pesa imekwenda, na deni bado liko palepale.

Samsung iliyolipiwa lakini chaguo halionekani. Tazama kama KG STATE au RMM STATE imeandikwa "Prenormal". Maana yake ni kwamba kipindi cha uangalizi hakijaisha. Iache imewashwa ikiwa na intaneti kwa siku saba, bila kuizima na bila kubadilisha tarehe kwa ujanja, kisha angalia tena. Samsung za Snapdragon zilizouzwa na mitandao ya Marekani ni habari nyingine, butiloda zake hazifunguki kwa njia hii. Mitumba mingi inayoingia kwetu ni ya aina hiyo, kwa hiyo kama unanunua simu kwa ajili ya ruti, soma herufi ya mwisho ya namba ya modeli kabla ya kutoa pesa. U ni dalili ya Marekani.

Xiaomi na Redmi huhitaji akaunti ya Mi iliyofungamanishwa na simu, kisha kusubiri, mara nyingi siku kadhaa. Ukiona ujumbe wa kukutaka urudi baada ya saa fulani, subiri kweli. Ukifungamanisha akaunti upya kwa haraka, saa huanza kuhesabiwa mwanzo. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018, hivyo kwa Huawei mpya kuliko hapo sitakuahidi chochote.

## Butiloda inakataa amri

`Flashing Unlock is not allowed` maana yake lile chaguo la OEM hukuliwasha, au lilijizima simu ilipowaka upya. Rudi Mipangilio.

Jibu likiwa ni kwamba amri haijulikani, angalia juu ya skrini ya simu. Kama imeandikwa "fastbootd", umeingia mlango usio wake. Hiyo ni fastboot ya ndani ya mfumo, inayoshughulikia sehemu zinazobadilika ukubwa, na butiloda haifunguliwi humo. Andika `fastboot reboot bootloader`, kisha urudie `fastboot flashing unlock`. Simu za zamani kidogo hutaka `fastboot oem unlock`.

Kwenye Tecno, Infinix na itel nyingi zenye chipu ya MediaTek, amri hupita, kompyuta inatulia, na mtu anadhani imekwama. Itazame simu yenyewe kwa karibu. Kuna maandishi madogo sana yanayokutaka ubonyeze kitufe cha kuongeza sauti kukubali. Nimeona watu wakichomoa waya hapo hapo.

`cannot load ... No such file or directory` ni kosa la kompyuta tu: dirisha la amri halipo kwenye folda lilimo faili, au jina lina `.img` mara mbili kwa sababu Windows imeficha mwisho wa jina. Na jibu la kwamba sehemu haipo, ukiwa unaflashi init_boot, linakuambia simu yako haina init_boot. Sehemu hiyo ilikuja na simu zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 13 kwenda mbele. Pixel 7 inayo. Pixel 6, hata ukiisasisha hadi Android 14, bado hutumia boot.

Samsung haina fastboot ya namna hii. Huko ni Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, na dalili kuu ni maandishi mekundu: "Only official released binaries are allowed to be flashed". Mara nyingi mtu amefungua butiloda, kisha akakimbilia kuflashi bila kurudi kwenye Android kwanza. Ndani ya Samsung kuna mlinzi aitwaye VaultKeeper. Washa simu kawaida, maliza mipangilio ya mwanzo, unganisha intaneti, fungua tena chaguo za wasanidi uone kama chaguo la OEM lipo, limewashwa na limefifia. Likiwa hivyo, mlinzi ameridhika na Odin itapokea. Ujumbe wa "SW REV. CHECK FAIL" nao ni mwingine kabisa: unarudisha famwea ya zamani kuliko inayoruhusiwa. Usishindane nao, tafuta famwea mpya.

Ujue pia kabla hujaflashi: Samsung ikipokea faili lisilo lake, alama ya Knox, mfumo wake wa usalama, hubadilika kuwa 0x1 na hairudi tena, hata urudishe kila kitu cha kiwandani. Secure Folder, folda yake ya siri, ndiyo basi.

## Simu imewaka, Magisk inasema N/A

Hii ni dalili ya heri kuliko zote, maana simu ni nzima. Viraka havikuwaka, basi.

Uliza kwanza: niliflashi faili lenye viraka au lile asilia? Yanafanana, na usiku mtu hukosea. Pili, je, simu ya init_boot niliitilia viraka boot? Butiloda inakubali, simu inawaka, Magisk haimo. Tatu, upande. Simu nyingi za sasa zina pande mbili za mfumo, A na B, na huenda uliandika upande usiotumika. `fastboot getvar current-slot` itakuambia. Nne, angalia neno Ramdisk ndani ya programu ya Magisk. Likiwa "No", simu hiyo haina ramdisk (faili za mwanzo za kuwakia) ndani ya boot, na Magisk hukaa kwenye rikavari (mfumo mdogo wa kuokolea simu), kwa hiyo lazima uiwashe kwa vitufe vya rikavari kila mara ndipo ruti ionekane.

## Inazunguka kwenye nembo

Hapa ndipo hofu inapoingia na mikono inaanza kutangulia akili. Chomoa waya, pumua. Simu inayozunguka kwenye nembo bado ina butiloda nzima, na yenye butiloda nzima inatibika karibu kila mara.

Tofautisha kwanza na lisilo kosa. Skrini yenye "Orange State", inayosema simu imefunguliwa na haiaminiki, kisha ikasubiri sekunde 5, hiyo si hitilafu. Ndivyo simu ya MediaTek iliyofunguliwa inavyowaka maisha yake yote. Pixel nazo zina onyo lao. Tatizo ni pale inapopita hapo kisha ikarudi mwanzo.

Jiulize ilianza lini. Kama ilianza mara tu baada ya kuflashi faili lenye viraka, ingia fastboot, rudisha lile faili asilia ulilolihifadhi: `fastboot flash boot boot.img`, au `init_boot` kwa simu za aina hiyo. Ikiwaka, simu haina ubaya. Lililoharibika ni faili. Huenda lilitoka toleo jingine, huenda Magisk uliyotumia ni ya zamani kuliko Android yako, au lilichafuka njiani. Hilo la mwisho watu hawaliamini, lakini kuhamisha faili kwa njia ya kawaida ya kuburuta kutoka simu kwenda Windows huweza kuliharibu, na maelezo rasmi ya Magisk yanaonya hivyo. Livute kwa `adb pull`. Ukitaka uhakika, linganisha alama: `adb shell sha256sum` kwa lililo simuni, na `certutil -hashfile` ukimalizia na SHA256 kwa lililo kwenye Windows. Herufi zote zifanane.

Umerudisha faili asilia na bado inazunguka? Angalia upande tena. Simu yenye A na B ikishindwa kuwaka mara kadhaa huhamia upande wa pili yenyewe, kwa hiyo dawa yako inaingia A huku simu inajaribu kuwaka kwa B. Soma current-slot, uiandikie sehemu kwa jina kamili, mfano `boot_a`, kisha `fastboot set_active a`.

Kuna simu zinazokataa kwa sababu ya vbmeta, sehemu inayotunza alama za sehemu nyingine ili butiloda ijue kama kuna kilichobadilishwa. Utaona maneno ya "dm-verity corruption", au onyo la kwamba simu imeharibika na haiwezi kuaminiwa. Flashi vbmeta.img ya famwea yako mwenyewe kwa `fastboot flash vbmeta --disable-verity --disable-verification vbmeta.img`. Tahadhari: amri hiyo huweza kukulazimisha kufuta data zote, kwa hiyo ifanye siku ile ile ya kufungua butiloda, wakati simu bado haina kitu.

Na kama simu ilikuwa na ruti ikifanya kazi wiki nzima, halafu ikaanza kuzunguka baada ya kusakinisha moduli, yaani nyongeza ya Magisk, usiguse boot hata kidogo. Moduli ndiyo mkosaji. Simu ikiwa imeunganishwa na kompyuta iliyokwisha kuruhusiwa, andika `adb wait-for-device shell magisk --remove-modules`, kisha simu itajiwasha upya yenyewe. Amri itasubiri dakika ambayo adb inaamka na kuziondoa zote. Kompyuta isipoipata, iwashe kwa hali salama: kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kupunguza sauti pale michoro ya kuwakia inapoanza. Magisk ikitambua hali salama huzima moduli zote, na utakapoiwasha kawaida zitabaki zimezimwa. Ingia uifute ile ya mwisho.

## Fastboot haiingii, umebaki na SP Flash Tool

Kwa MediaTek hii ndiyo njia ya kufufua: simu imezimwa, unachomeka waya, kompyuta inaishika kabla haijawaka, na faili la scatter kutoka famwea yako linaongoza kila kipande kiende wapi. Simu mpya zaidi huhitaji pia faili la uthibitisho la kampuni, na bila hilo programu itakata tu.

Nina ombi moja kwako hapa. Chagua "Download Only". Usichague "Format All + Download" hata mtu akuapie. Hiyo ya pili hufuta pia NVRAM, sehemu ya kumbukumbu za simu yako pekee, na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, imo humo. Simu itawaka safi, mpya kama ya dukani, na haitashika mtandao. Ukibonyeza *#06# utakuta namba hazipo au si zenyewe. Hapa Tanzania tangu Juni 2016, TCRA ilipozima simu zenye IMEI bandia, hiyo ni simu ya Wi-Fi tu. Kuiandikia IMEI ya simu nyingine ni kosa la jinai. Chukua nakala ya NVRAM mapema, simu ikiwa nzima, kwa sababu ruti yenyewe inakuruhusu kufanya hivyo, na uitunze pamoja na boot.img.

## Ruti ipo, lakini haitii

Ipime kwa `adb shell`, kisha `su`, kisha `id`. Ukiona `uid=0(root)` ruti ni nzima na shida iko kwenye programu husika. Ukiona "inaccessible or not found", rudi kwenye sehemu ya N/A. Ukiona "Permission denied", kuna wakati ulikataa bila kujua: kidirisha cha ruhusa hukaa sekunde chache tu, na kikiisha muda huhesabika kuwa umekataa. Fungua orodha ya Superuser ndani ya Magisk, uiwashe programu hiyo.

Malalamiko mengine: "Nina ruti lakini siwezi kuandika kwenye /system." Huwezi, na si kosa lako. Tangu Android 10 simu nyingi huweka mfumo kwenye sehemu zilizobanwa kwa namna isiyokubali kuandikwa, hata root akitaka. Mabadiliko hufanywa kwa moduli, zinazotandika faili lako juu ya lile la asili wakati wa kuwaka. Programu ya zamani inayotaka kuandika moja kwa moja haitafanya kazi, tafuta moduli yake.

## Programu ya benki imekataa

Google ina mfumo uitwao Play Integrity, uliochukua nafasi ya SafetyNet, na programu za fedha huuliza huko kama simu inaaminika. Jibu lina ngazi tatu: ya msingi, ya kifaa, na ya nguvu. Butiloda iliyofunguliwa huiangusha simu, na tangu Mei 2025, kwa Android 13 na zaidi, hata ngazi ya kifaa hutegemea uthibitisho unaotoka kwenye chipu yenyewe. Kuiweka programu kwenye DenyList ya Magisk, orodha ya programu zinazofichwa ruti, husaidia kwa zile zinazotafuta alama za ruti tu. Kwa zinazouliza Google, moduli za kuficha hufanya kazi leo na kushindwa wiki ijayo, na nyingi zinatoka kwa watu usiowajua, zikiwa na nguvu zote za root juu ya simu yenye pesa zako. Mimi siziweki, wala simwekei mteja.

Huduma za kupiga namba haziguswi na haya yote, kwani hupita kwenye laini na mtandao wa simu: *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Kenya itafungua kama kawaida. Programu za benki zibaki kwenye simu nyingine isiyofunguliwa. Kama simu ni moja tu na biashara yako yote imo, usiiwekee ruti.

## Sasisho linapakuliwa, halisakiniki

Sasisho hukagua kama boot ni ile ya kiwandani, likikuta viraka linajiondoa. Ndani ya Magisk chagua kuondoa, kisha Restore Images, usiwashe upya, ruhusu sasisho lisakinike. Kwa simu za A na B, kabla ya kubonyeza kuwasha upya, rudi Magisk na usakinishe kwenye upande usiotumika. Ukiambiwa "Stock backup does not exist!", rudisha faili asilia kwa fastboot, sasisha, kisha utie viraka faili la toleo jipya. La zamani lisirudi humo, umeshaona lilivyoifanya Wi-Fi yangu.

## Nataka kuifunga tena

Watu huuza simu, wanataka lile onyo liondoke, wanaandika `fastboot flashing lock` Magisk ikiwa bado imo. Simu inaamka, inakuta faili lisilo na saini, inakataa kuwaka. Na kama chaguo la OEM lilikuwa limezimwa, huwezi hata kuifungua tena.

Flashi famwea kamili ya kiwandani, pamoja na vbmeta isiyoguswa. Iwashe ikiwa bado imefunguliwa, uone kuwa inafika mpaka kwenye skrini ya kukaribisha. Washa chaguo la OEM na uliache hivyo hivyo. Ndipo uifunge, ukijua data zitafutika mara nyingine. Ikiwaka bila lile onyo la mwanzoni, ingia Mipangilio, zima chaguo la OEM, ondoa akaunti yako ya Google, na simu iko tayari kwa mnunuzi.